Honi kwenye Kona ya Miwati

Makambako
4 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini Remmy amekufikishia bahasha hii bila kuikalia, maana makondakta wa siku hizi wanakalia kila kitu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia "haloo, haloo" mpaka mmoja wetu anachoka, na wewe unasema simu za siku hizi zinanong'ona. Barua hainong'oni.

Nina habari, na nimeibeba kwa uangalifu tangu wiki iliyopita kama mtu aliyebeba mayai. Ile kampuni yenye uwanja jirani na stesheni ya reli imeleta lori la majaribio, na katika madereva wote wa hapa nimechaguliwa mimi kuliendesha. Halitumii dizeli, Mama. Limebeba mitungi ya gesi inayoitwa haidrojeni. Gesi hiyo inakutana na hewa ndani ya kasha la chuma, humo unapatikana umeme, na umeme ndio unaozungusha magurudumu. Hakuna moshi hata kidogo. Kinachotoka nyuma ni maji tu, yanadondoka chini tone kwa tone. Fundi wao aliyakinga kwenye kikombe akayanywa mbele yetu. Na mimi nikanywa. Hayana ladha, ni kama maji ya mvua.

Nilipokunywa nilimkumbuka Baba. Nilimkumbuka mwaka ule wa mwisho, anakohoa na leso inatoka nyeusi. Hospitali walisema kifua, lakini mimi na wewe tulijua ni yale mabomba ya moshi ya malori aliyoyaendesha na kulala chini yake maisha yake yote. Angeliona gari hili angelia. Mimi nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Nitakuwa nakuja nalo kila Jumanne asubuhi kupakia mbao huko mbele ya Yakobi, na nikirudi nitapita hapo nyumbani. Nikifika kona yenye ile miti ya miwati nitapiga honi kama alivyokuwa akipiga Baba, mbili fupi na moja ndefu. Ukisikia, toka na viazi. Na Rejoice mwambie mjomba atampandisha kiti cha mbele, aende akawaringishie wenzake.

Mwanao,
Denis


Yakobi
27 Februari 2025

Denis mwanangu,

Marahaba, na Kamwene ya hapa kwetu juu yake. Sisi wazima. Baridi ipo, njegere zimekubali, na ng'ombe wa Benno ameingia tena kwenye kabichi zangu. Nimemwambia Benno safari hii nitamla ng'ombe.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nimewasomea na akina mama wa kwaya. Mmoja akauliza, gari linalokojoa barabarani hivyo, polisi hawalikamati? Tulicheka mpaka Mwalimu Amon akagonga meza. Lakini habari za baba yako usiniandikie tena bila kunionya. Nilikuwa nasomea jikoni, na chai ilichemka ikamwagika yote nikiwa nimeikodolea macho.

Sasa nikuulize. Ulisema Jumanne utapita. Nilichemsha viazi, nikavifunga kwenye kitambaa, nikakaa jikoni namenya njegere huku nasubiri honi ya baba yako. Sikusikia honi wala lori. Jioni mdogo wako Pendo anarudi kutoka mjini ananiambia majirani wamekuona pale kona, umepiga honi wee, umengoja, umeondoka. Jumanne iliyofuata vivyo hivyo. Nilimwona tu Rejoice anapita mlangoni mbio kama kifaranga, kumbe alikuwa anakuja kwako. Denis, umepiga honi kweli, au gari jipya limekuletea ukubwa?

Tena lina jambo linalonitia wasiwasi. Wewe umezaliwa hapa, unajua ukungu ukishuka hatuvuki kwa macho. Tunasimama ukingoni, tunatega sikio, kukiwa kimya tunavuka kwenda mashambani. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha na ndivyo ninavyomfundisha Rejoice. Sasa gari lisilo na sauti tutalivukaje?

Kwaya yetu nayo siku hizi inaimba chini chini, sijui vijana wamepungukiwa nini, na ugali upo. Mchungaji ndiyo usiseme, anahubiri kama mtu anayejisemea mwenyewe. Mimi naimba kwa nguvu ili niwaamshe, na Mwalimu Amon ananikazia macho. Namwachia ayakodoe mpaka amen.

Mama yako,
Lucia


Yakobi
9 Machi 2025

Kaka Denis,

Shikamoo. Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo usimtajie.

Kaka, Mama hasikii. Siyo simu, siyo kwaya, siyo mchungaji. Ni masikio yake. Juzi Rejoice aliungua mkono na jiko, akalia pale uani kilio cha kweli, na Mama amempa mgongo anakata mboga. Hakugeuka mpaka mtoto alipoenda kumshika gauni. Honi yako wanaisikia hadi watu wa bondeni. Yeye yuko jikoni, ukuta mmoja tu na barabara, hasikii.

Nilijaribu kumwambia taratibu. Alininunia siku kadhaa. Alisema nataka kumwondoa kwenye kwaya. Unajua mwenyewe kwaya ndiyo iliyomnyanyua baada ya Baba kufa, wakati ule alipokuwa anakaa kitandani mchana kutwa. Anaogopa, Kaka, na anajua jinsi ya kugeuza woga wake uwe hasira.

Kuna kliniki ya masikio, wanapima, wanatoa na vile vifaa vya kusikilizia. Kwa neno langu hatakwenda. Mimi humu ndani nitabaki kitinda mimba hata nikiota mvi. Kwa neno lako atakwenda, maana akisema "Denis kasema" ni kama tangazo la serikali.

Mwandikie ukweli. Mimi alfajiri naondoka kwenda kushona mjini, na Mama ndiye anayevuka barabara na mwanangu kila asubuhi. Miezi ya ukungu inakuja. Nakuomba, Kaka yangu.

Mdogo wako,
Pendo


Makambako
21 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Pole na kabichi.

Honi nilipiga, Mama, na gari la majaribio siruhusiwi kuliacha barabarani nije mlangoni. Lakini usijilaumu, na kama kuna mtu anakuletea habari za masikio, mwambie akapime ya kwake. Kosa ni la gari. Gari hili halina injini ya kuunguruma kama yale tuliyoyazoea, linateleza tu. Na honi yake yenyewe ni ndogo, wazungu hawapendi kelele, inasikika kwa aliye karibu peke yake. Rejoice aliniona, siyo kwamba alinisikia.

Uzoee mapema, maana yanakuja mengine. Miaka si mingi barabara yetu nzima itakuwa ya malori yasiyo na sauti. Hata sasa ukiona lori limepita kimya usishangae, ujue ni ndugu wa hili la kwangu. Na ukungu usikutie hofu. Magari haya yana taa kali, tena yana mitambo inayomwona mtu mbele, yanasimama yenyewe hata dereva akisinzia.

Kwa hiyo imba, Mama. Mwalimu Amon akikukazia macho, mkazie na wewe.

Mwanao,
Denis


Makambako
21 Machi 2025

Pendo,

Nimeshindwa. Nilishika kalamu nikamwona amesimama mstari wa mbele na kile kitambaa chake cheupe kichwani, anaimba, amefumba macho. Sikuweza kuwa mimi wa kumwambia akae chini. Nimemwandikia kwamba ni gari, siyo yeye. Nitakuja nimwambie ana kwa ana, mambo kama haya si ya kusoma mtu akiwa peke yake. Usinikasirikie.

Denis


Yakobi
15 Aprili 2025

Denis, Denis, Denis,

Mungu akuzidishie. Barua yako nilimwekea Pendo mezani, nikamwambia soma, mtaalamu wa masikio. Akaisoma, akainuka, akaenda kulala bila kula. Ndivyo anavyokuwa akishindwa, tangu mdogo. Kliniki sikwenda, na mpango huo tumeufuta.

Huwezi kujua umenitua mzigo gani. Nilikuwa nimeanza kuogopa, sasa naweza kukwambia. Kuna siku nilikaa kanisani nikaona midomo ya watu inaimba na mimi nimebaki kubahatisha tuko ubeti gani. Nikajiambia, Lucia, ndiyo basi. Kumbe ni dunia tu imeamua kupunguza sauti.

Tangu uniambie nimeanza kuyaona. Jana limepita lori la mbao, refu, limejaa hadi juu, kimya kama paka. Nikamwambia Benno, umemwona ndugu wa lile la Denis? Alinitazama kama nimerukwa na akili, na mimi nikamsamehe, maana Benno hata redio aliichelewa. Basi la Songea nalo, kimya. Nchi inakwenda mbele, mwanangu, na aliyeanza ni mtoto wangu. Nimeyasema hayo hadi kanisani, kwenye shukrani.

Jumanne ile Rejoice aliponivuta mkono hadi garini kwako imenikaa moyoni. Ulivyokula viazi umesimama, mdomo umejaa, kama ulivyokuwa ukitoka shule. Na Rejoice alivyonawa mikono kwa maji yanayodondoka chini ya gari! Mpaka leo anawaambia watoto wenzake kwamba mjomba wake ana lori lenye bomba la maji, na ana ugomvi na wawili wasioamini.

Kwa kuwa sikusikii ukifika, nimeamua Jumanne sitangoja jikoni tena. Nitavuka mimi na mjukuu wangu tusimame ng'ambo, upande unakosimamisha gari. Ukitukuta, simama. Usipotukuta, ujue njegere zimenizidi.

Mama yako anayesikia vizuri,
Lucia


Yakobi
2 Mei 2025

Kaka,

Umemwambia nini Mama? Unajua kweli ulichomwambia?

Jumapili tukitoka ibadani pikipiki ilimpita karibu mpaka kanga ikapepea. Dereva alikuwa amefungulia muziki, watu wote wamejibanza pembeni, Mama peke yake yuko katikati. Nikamvuta. Akacheka, akaniambia, "Haya ya siku hizi hayana sauti." Pikipiki, Kaka! Anaamini kila kinachopita ni cha haidrojeni. Nikimwambia si kweli ananionyesha barua yako. Ameiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, anatembea nayo.

Ukweli wangu hauna kazi hapa. Ni wewe uliyemfunga na ni wewe utakayemfungua. Mwandikie wiki hii. Usiniambie habari za ukija.

Pendo


Makambako
26 Mei 2025

Pendo mdogo wangu,

Una haki ya kunisema, na mimi sina la kujitetea. Lakini ngoja nikwambie lililonipata.

Majaribio yamekwisha. Ule mtambo wa kupasua maji kupata gesi uliharibika, vipuri vikangojwa, vikaja visivyo vyenyewe, na wenye mradi wakaamua yatosha. Wamelifunika lori kwa turubai, wamelipakia juu ya lori jingine kwenda Dar. Nilisimama uwanjani nikaliona linaondoka, limebebwa na lori la dizeli linalofuka moshi mweusi juu yake. Watu walikuwa wanacheka. Mimi nilienda kukaa nyuma ya choo cha uwanja mpaka wakamaliza.

Nimerudishiwa lori langu la zamani, na nimepangiwa njia ya Mbeya. Huko Yakobi sipiti tena.

Usimwambie Mama kwanza. Amenitaja kanisani, Pendo. Nikimwambia kwa mpigo mmoja kwamba gari limeondoka na masikio nayo yameondoka, nitakuwa nimemvunja mara mbili. Nimeomba ruhusa mwishoni mwa mwezi wa sita. Nitakuja, nitakaa naye, nitamwambia yote, nitampeleka kliniki mimi mwenyewe. Nipe mpaka hapo tu. Mwache aendelee kuchemsha viazi, nitavila nikija.

Kaka yako,
Denis


Yakobi
8 Julai 2025

Denis,

Wakati wa msiba nyumba ilijaa watu, mimi na wewe hatukupata nafasi. Nilikuona umekaa na wanaume kwenye moto, hukuinua uso. Nataka uisikie kwangu jinsi ilivyokuwa, usiambiwe na watu.

Ilikuwa Jumanne, katikati ya mwezi wa sita. Ukungu ulikuwa umekaa chini, hata miwati haionekani. Nilikuwa sijakuona Jumanne nyingi, nikajua unapita kimya na ukungu unatuficha. Nikasema leo tutawahi, tusimame ukingoni kabisa, hata gari lisipokuwa na sauti dereva atatuona. Rejoice alibeba viazi, mimi chupa ya chai. Tukasimama kama kawaida, nikatega sikio. Kimya. Nikamshika mkono tukaanza kuvuka.

Akanivuta nyuma. Nikadhani ni michezo yake. Nikamwambia twende, mjomba atatupita. Akazidi kunivuta, mkono ukaniponyoka, nikatangulia peke yangu nikijua atanifuata, maana hapendi kuachwa. Nilifika ng'ambo nikageuka ili nimkaripie. Alikuwa barabarani, ananikimbilia, mdomo wazi, sijui alikuwa anacheka au ananiita. Halafu lori.

Sitaandika zaidi ya hapo. Viazi viliviringika mpaka miguuni kwangu.

Lilikuwa kimya, Denis. Kimya kama la kwako. Na halikusimama lenyewe kama ulivyoniandikia. Dereva anaitwa Aloyce, kijana wa Wanging'ombe. Analia anasema amepiga honi tangu kona, amepiga mpaka mwisho. Nimewaambia polisi ni mwongo, hakupiga. Nimetia sahihi. Wamemweka ndani. Mama yake alikuja hapa na unga na maharage kutupa pole, nikamfungia mlango. Benno anasema alisikia honi akiwa zizini, lakini Benno tangu nimtishie ng'ombe wake hanipendi.

Sasa nakuomba jambo moja, nawe usininyime. Wewe ndiye mjuzi wa magari haya. Andika barua kwa polisi uwaeleze kwamba yapo, kwamba hayana sauti, kwamba mtu mwenye masikio yake mazima anaweza kusimama ukingoni na asisikie kitu. Waeleze kama ulivyonieleza mimi.

Pendo nimeona hasemi na wewe. Alikupa chakula akiwa ametazama pembeni. Nimemuuliza, akaenda kuosha vyombo. Na mimi hanilaumu. Ananiletea maji ya kunawa, ananitandikia kitanda, anavumilia vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mama yako


Makambako
13 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama Pendo yupo, mwite akae karibu nawe.

Siwezi kuandika barua hiyo kwa polisi. Lori lile ni la dizeli. Nimeliona kituoni siku ile ya mazishi, nilikwenda kulitazama. Nawajua wenye nalo na naujua mlio wake, likiwa mlimani linasikika kabla hujaliona. Honi yake inafanya kazi. Aloyce aliipiga.

Katika barabara yetu hakukuwa na lori lisilo na sauti ila moja, la kwangu, na hilo liliondolewa mwezi wa tano. Tangu hapo sikupita tena Yakobi. Jumanne zote hizo ulikuwa unanisubiri mimi nikiwa Mbeya. Na hata lile la kwangu lilikuwa na honi kubwa kama ya lori jingine lolote. Lile lori la mbao, lile basi la Songea, yote yalikuwa yanaunguruma. Na sijawahi kuona gari likisimamishwa na mtambo, hilo nililitunga ili ulale vizuri.

Pendo aliniambia mwezi wa tatu kwamba husikii. Aliniomba nikwambie. Mimi nikakwambia ni gari. Niliona uchungu kukuondolea kwaya, na baadaye nikaona aibu kukwambia kwamba hata hilo gari lenyewe limeondoka. Pendo alinyamaza kwa sababu nilimwomba anyamaze.

Mama, usijiulize wewe ulikosea wapi. Ulisimama, ukatega sikio, ukafanya kama ulivyofundishwa. Aliyekwambia kimya ni salama ni mimi. Nenda ukamtoe yule kijana. Ukitaka twende wote, nitakuja. Usipotaka kuniona, nitaelewa.

Nimeua mtoto wa dada yangu kwa kalamu. Sijui niseme nini kingine.

Denis


Yakobi
24 Agosti 2025

Denis,

Nimechelewa kukujibu. Kila nilipoanza niliishia kwenye jina lako.

Nilijua.

Siyo habari za gari kuondoka, hizo sikuzijua. Nazungumzia masikio. Nilikuandikia kwamba Rejoice alikuwa na mdomo wazi, na kwamba sijui alikuwa anacheka au ananiita. Nilikuwa najua. Alikuwa ananiita bibi. Mtoto yule alikuwa akiniita wanasikia hadi kwa Benno, na safari ile alikuwa ananiita kwa nguvu zake zote, mbele yangu, na mimi nimesimama na chupa ya chai sisikii kitu. Gari linaweza kukosa sauti, ulinieleza na mimi nikafurahi kuamini. Lakini Rejoice hakuwa gari. Nikajua pale pale, kabla watu hawajafika.

Halafu nikaishika barua yako kwa mikono miwili. Bila hiyo nisingeweza kuingia nyumba moja na Pendo. Nilimtupa kijana wa watu jela ili niweze kulala. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, sehemu nyingine ni yangu na ninaujua uzito wake.

Barua yako ilipofika nilimpa Pendo aisome. Akasema anajua yote. Alijua siku nilipokuwa namlaani Aloyce, alijua siku ninafunga mlango, na hakunifungulia kinywa. Anasema alikufichia siri yako ya gari na hiyo siri ndiyo iliyotupeleka barabarani, kwa hiyo naye anajihesabia. Tulikaa watatu mezani, mimi, yeye na kile kiti kidogo.

Kesho yake tulikwenda polisi nikafuta maneno yangu. Mkubwa wao alinikaripia sana, na Pendo alinirudia kila neno karibu na sikio, hakuacha hata moja. Aloyce ametoka. Tulipitia Wanging'ombe kwa mama yake. Sikujua nimwambie nini, nikapiga magoti pale uani. Naye akapiga. Alituchemshia viazi, na hakuna aliyekula.

Kitambaa changu cheupe cha kwaya nimemrudishia Mwalimu Amon. Alisema naweza kukaa tu na wenzangu hata bila kuimba. Nimekataa. Alilia, masikini. Kumbe miaka miwili alikuwa anawaambia waimbaji wanifunike sauti bila mimi kujua.

Kliniki nimekwenda. Wamenipa kifaa cha kuvaa sikioni. Wanasema kilichopotea hakirudi, lakini hiki kitanisaidia kwa kilichobaki. Cha kwanza kukisikia kilikuwa mlango wa gari kufungwa, nikaruka. Nimesikia kuku. Nimesikia mvua juu ya bati, nilikuwa nimeisahau. Tukarudi nyumbani, jioni Pendo akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na mimi nikamsikia. Analia, Denis. Analia kila jioni, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Tangu siku ya mazishi, ukuta mmoja tu kutoka kitandani kwangu. Na mimi nilikuandikia kwamba anavumilia vizuri.

Sasa nakaa naye. Simwambii anyamaze. Tunakaa tu mpaka amalize.

Uliniuliza kama nataka kukuona. Sijui kama nimekusamehe, na Pendo naye hajui, lakini wewe ni mwanangu na yeye ni dada yako, na hapa kuna kaburi moja dogo ambalo hujaliona tangu majani yameota. Njoo. Umwombe dada yako mwenyewe, kwa mdomo wako, siyo kwa karatasi. Njoo na lori lolote, la moshi, la maji, sijali.

Ila ukifika kwenye kona ya miwati, nakuomba usipige ile honi ya baba yako. Sasa nitaisikia.

Mama yako,
Lucia